Barua Iliyosomwa Zaidi ya Miaka Sabini: Utaratibu, Nidhamu na Umoja katika Kanisa la Korintho



Kila mara tunapozungumza nanyi juu ya utaratibu, nidhamu na umoja, tunaona nyuso zikibadilika. Maneno hayo matatu yametumiwa mno na wakubwa waliotaka kunyamazisha watu, hata kijana akiyasikia hudhani kwamba anakaripiwa kabla hajakosa. Ndiyo sababu safari hii hatutaanza na kanuni, bali na historia. Tutatazama jumuiya moja tu, ile ya Korintho, tangu ilipozaliwa karibu na mwaka 50 hadi karibu na mwaka 170. Jumuiya hiyo iligawanyika mara mbili katika muda wa nusu karne, na kila mara ilipokea barua. Barua ya kwanza mnaijua, kwa kuwa imo katika Biblia. Ya pili wengi wenu hamjaisoma, ingawa ni mojawapo ya maandishi ya zamani kabisa ya Kikristo yaliyo nje ya Biblia, na ingawa ndani yake vijana wametajwa, tena si kwa sifa.

Mji wenye bandari mbili

Korintho ulikuwa mji wa Ugiriki uliosimama karibu na ukanda mwembamba wa nchi kavu kati ya bahari mbili. Bandari yake ya Lekayo ilielekea Italia, na ile ya Kenkrea ilielekea Asia. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo. Miaka mia moja na zaidi baadaye, yaani mwaka 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliagiza ujengwe upya na kukaliwa na watu wa dola yake. Wengi wa walowezi hao walikuwa watumwa walioachwa huru. Katika mji wa namna hiyo karibu kila mtu ametoka mahali pengine, na kila mtu anatafuta jina, mali na watu wa kumtegemeza. Sisi tunaoishi katika miji ya Kongo iliyokua kwa biashara, kwa machimbo, na kwa watu waliokimbia vita vijijini, tunaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Mtume Paulo alifika huko akapokewa na Akila na mkewe Priska, mafundi wa mahema kama yeye. Alihubiri kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Alishtakiwa mbele ya liwali Galio, naye Galio akakataa kusikiliza mashtaka yale. Jiwe lenye maandishi yanayomtaja liwali huyo lilipatikana Delfi, na kwa msaada wake wataalamu wa historia huiweka ziara hiyo ya Paulo kati ya mwaka 50 na 52. Baada ya hapo Mtume aliondoka, akiacha nyuma yake jumuiya yenye vipaji vingi na subira kidogo.

Mgawanyiko wa kwanza

Haikupita miaka mingi kabla watu wa nyumba ya Kloe hawajampelekea Paulo habari mbaya huko Efeso. Wakristo wa Korintho walikuwa wamejigawa makundi. Wengine walijiita watu wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa, na wengine walijidai kuwa wa Kristo, kana kwamba wenzao hawakuwa wake. Waliposhiriki karamu ya Bwana, waliofika mapema walikula na kulewa, na wale wasiokuwa na kitu walibaki na njaa. Katika mikutano ya sala, wenye karama ya lugha walisema wote kwa pamoja, hata mgeni aliyeingia angedhani ameingia penye wendawazimu.

Tazameni jinsi Paulo alivyojibu. Hakuwaambia kwamba karama ni mbaya. Aliwaambia zipewe zamu. Wasemao kwa lugha wawe wawili, au wakizidi watatu, mmoja baada ya mwingine, na awepo wa kufasiri. Ikiwa hakuna wa kufasiri, wanyamaze na kusema na Mungu moyoni. Kuhusu karamu, aliwataka wangojeane. Sura ya 14 ya waraka huo inamalizika kwa agizo kwamba mambo yote katika mkutano yatendeke kwa heshima na kwa utaratibu, na sura inayotangulia, ile ya 13, ni utenzi wa upendo unaosomwa katika harusi zetu nyingi. Mara nyingi tunazisoma sura hizo mbili mbalimbali, lakini katika waraka wa Paulo zinafuatana.

Hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza utaratibu wa Kikristo ni kitu gani. Anayefaidika na kungojeana ni nani? Si tajiri, ambaye ana chakula kwake. Ni mtumwa aliyechelewa kwa sababu bwana wake hakumwachilia mapema. Anayefaidika na zamu ni nani? Si msemaji hodari, ambaye atasikika tu. Ni mgeni anayeketi nyuma, anayetafuta Mungu na bado hajui nyimbo. Mahali pasipo na utaratibu, mwenye sauti kubwa ndiye anayetawala, na mnyonge hupotea bila mtu kujua kwamba amepotea.

Mgawanyiko wa pili

Zikapita kama nusu karne tangu Paulo alipohubiri huko. Paulo na Petro walikuwa wamekwisha kufa mashahidi huko Roma. Wazee, yaani mapresbiteri, waliokuwa wamewekwa na mitume au na wale waliowafuata mitume, ndio walioliongoza Kanisa la Korintho. Ndipo ikatokea kwamba baadhi yao waliondolewa katika huduma yao. Habari ilifika Roma, tena ilifika pia kwa watu wasio Wakristo, ambao walipata sababu ya kulitukana jina la Bwana.

Kanisa la Roma likaandika barua ndefu, ambayo leo imegawanywa katika sura 65. Wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 96. Barua yenyewe haitaji jina la mwandishi. Inaanza kwa kusema kwamba ni Kanisa la Mungu likaalo ugenini Roma linaloliandikia Kanisa la Mungu likaalo ugenini Korintho, na mwandishi anasema siku zote kwa neno “sisi”. Ni mapokeo ya kale, yaliyothibitishwa na askofu Dionisi wa Korintho katika karne ya pili, yaliyotuhifadhia jina la Klementi, ambaye tunamtaja katika Kanuni ya Kwanza ya Misa mara baada ya Lino na Kleto.

Kwa karne nyingi maandishi hayo hayakujulikana na Wakristo wa Magharibi. Baadaye mfalme wa Uingereza alipokea zawadi ya Biblia ya kale ya Kigiriki, na mwishoni mwake ilikuwamo barua hii, ikiwa imepungukiwa na ukurasa. Patrick Young aliichapa mwaka 1633. Nakala kamili ilionekana baadaye Konstantinopoli, ikiwa imeandikwa kwa mkono mwaka 1056, na Philotheos Bryennios akaitoa mwaka 1875. Tafsiri yake ya kale ya Kilatini ilipatikana Ubelgiji, katika seminari ya Namur, ikatolewa mwaka 1894.

Maneno ya Klementi

Barua inaanza kwa kuomba radhi. Waroma wanasema kwamba wamechelewa kuandika kwa sababu ya masaibu ya ghafla yaliyowapata. Kisha wanawasifu Wakorintho kwa yale waliyokuwa zamani: ukarimu wao kwa wageni, unyenyekevu wao, furaha yao ya kutoa kuliko kupokea. Ndipo barua inageuka. Kutokana na neema hiyo, inasema, ulizaliwa wivu, na kutokana na wivu fitina. Wasio na heshima wakainuka juu ya wenye heshima, wajinga juu ya wenye hekima, vijana juu ya wazee.

Vijana, msikimbie hapo. Endeleeni kusoma, maana Klementi mwenyewe anasema katika sura ya 47 kwamba uasi huo ulisababishwa na mtu mmoja au wawili tu. Wengine walifuata. Ndivyo yanavyotokea hata leo: kundi zima hubeba jina la uasi, na ukichunguza unakuta watu wawili wenye uchungu wa moyo, na wengine arobaini walioogopa kuonekana waoga.

Ili kuonyesha ubaya wa wivu, Klementi anapitia historia takatifu: Kaini na Abeli, Yakobo na Esau, Yosefu na ndugu zake, Miriamu na Aroni waliomnung’unikia Musa, Datani na Abiramu, Sauli na Daudi. Halafu anafika siku zake mwenyewe na kuwataja Petro na Paulo, walioteswa kwa ajili ya wivu. Jambo la kushangaza ni kwamba katika orodha hiyo wazee nao hawaachwi. Sauli alikuwa mfalme, na Daudi alikuwa kijana. Wivu hauna umri.

Katika sura ya 20 anawaalika Wakorintho kutazama uumbaji. Jua, mwezi na nyota hufuata njia zao bila kugongana. Majira hupokezana kwa amani. Bahari haivuki mipaka yake. Hata viumbe vidogo kabisa hukaa pamoja kwa mapatano. Katika sura ya 37 anatoa mfano wa jeshi, ambamo si kila mtu ni jemadari, na hapo hapo anaongeza kwamba wakubwa hawawezi kuwa bila wadogo, wala wadogo bila wakubwa. Kisha anauacha mfano wa jeshi na kuuchukua ule wa mwili, alioupokea kwa Paulo: kichwa si kitu bila miguu, na miguu si kitu bila kichwa. Tunafikiri kwamba mfuatano huo una maana. Jeshi linatufundisha kwamba kila mmoja ana nafasi yake. Mwili unatufundisha kwamba kila mmoja anasikia maumivu ya mwingine. Katika sura ya 38 matokeo yake yanaelezwa wazi: mwenye nguvu amtunze mnyonge, tajiri amsaidie maskini, na maskini amshukuru Mungu aliyempa mtu wa kumsaidia.

Katika sura ya 40 limo neno ambalo sisi wa vyama vya utume tunapaswa kulijua. Akikumbuka ibada ya Agano la Kale, Klementi anasema kwamba kuhani mkuu ana huduma zake, makuhani wana nafasi yao, Walawi wana kazi zao, na mtu wa taifa ana maagizo yake. Neno la Kigiriki analotumia kwa mtu huyo wa taifa ndilo lililozaa neno letu “mlei”. Hapa ndipo linapoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Kikristo. Basi mlei aliingia katika lugha ya Kanisa akiwa mtu mwenye wajibu. Hakuingia akiwa mtazamaji, wala akiwa padri mdogo.

Sura ya 44 inafikia kiini cha ugomvi. Mitume, asema, walijua kwamba kutatokea mashindano juu ya cheo cha uangalizi. Kwa hiyo waliweka watu, wakaagiza kwamba hao wakifa wengine waliothibitika wapokee huduma yao. Waliowekwa hivyo, kwa ridhaa ya Kanisa zima, na waliolihudumia kundi bila lawama, kwa unyenyekevu na kwa amani, si haki kuwaondoa. Pimeni kila neno. Klementi hasemi kwamba kiongozi haondolewi kamwe. Anasema kwamba hao waliwekwa kwa ridhaa ya Kanisa zima, na kwamba walihudumu bila lawama. Barua yote haina shtaka hata moja la uovu dhidi yao.

Na kiongozi akikosa?

Swali hili mnatuuliza kila mwaka, na mna haki ya kuuliza. Ni rahisi kuwahubiria vijana utii wakati anayepaswa kutoa hesabu amekaa kimya.

Kanisa la kwanza lilikutana na swali hilo pia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya pili, Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, aliwaandikia Wafilipi. Miongoni mwao alikuwako mzee aitwaye Valensi aliyeisahau heshima ya huduma yake. Polikarpo anataja habari zake akionya juu ya kupenda fedha. Hakulificha jambo hilo. Alimtaja kwa jina, akasema kwamba anahuzunika sana kwa ajili yake na kwa ajili ya mkewe, akawaombea toba ya kweli. Lakini aliwaagiza Wafilipi wawe na kiasi katika jambo hilo, wasiwahesabu watu hao kuwa adui, bali wawarudishe kama viungo vinavyougua na vilivyopotea, ili mwili wote upate kuokoka.

Hiyo ndiyo nidhamu ya Kikristo ikiwa na mikono yake yote miwili. Mkono mmoja unaweka kosa mezani mbele ya wote wanaohusika, hata likiwa la mzee. Mkono wa pili unamshika mkosaji asianguke nje ya nyumba. Paulo alikuwa amefanya vivyo hivyo: katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 2, anaomba kwamba mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. Mwenye mkono wa kwanza tu anakuwa hakimu. Mwenye mkono wa pili tu anaficha uozo, na uozo uliofichwa huvunja jumuiya polepole kuliko ugomvi, ila huivunja kabisa.

Yaliyotupata sisi

Tusingethubutu kuwaambia haya kama yasingetupata. Tulipokuwa na umri wenu, tulikuwa wanakwaya katika parokia ambayo hatutaitaja. Tulichanga fedha kwa ajili ya vitambaa vya sare, miezi ikapita, vitambaa havikuonekana. Kiongozi wetu alipoulizwa alijibu kwa hasira. Basi kundi la vijana, nasi tukiwamo, lilikutana usiku, likachagua viongozi wapya, likabadilisha kufuli la chumba cha ngoma. Tuliona kwamba tumefanya kazi ya manabii.

Jumapili iliyofuata kwaya mbili zilisimama kwa wimbo wa mwanzo, kila moja na wimbo wake. Padri alikaa kimya mlangoni mpaka sauti zote zikafa. Kisha aliingia bila wimbo. Kwaresima nzima tuliimba kama waamini wengine, tukiwa tumetawanyika katika viti, bila ngoma na bila kusimama mbele. Ilikuwa adhabu kali kwetu, maana wengine wetu tuligundua kwamba hatukuwa tunakuja kusali, tulikuwa tunakuja kuonekana.

Wakati huo huo paroko aliagiza daftari la makusanyo lisomwe mbele ya wanakwaya wote, mstari kwa mstari. Ikaonekana kwamba fedha zilipungua kweli. Sehemu yake kiongozi aliitumia kulipia matibabu ya mwanakwaya mmoja aliyelazwa, bila kumwambia mtu. Sehemu nyingine hakuweza kuieleza. Hivyo tulikuwa na haki juu ya hesabu, tukakosa juu ya kufuli. Yeye alikuwa na huruma juu ya mgonjwa, akakosa juu ya daftari. Kama angesema, tungechanga tena. Kama tungeomba daftari mchana, mbele ya paroko na wazee wa jumuiya, tusingehitaji usiku.

Kiongozi yule alirudisha alichoweza, akajiuzulu, akaendelea kuimba katika safu ya nyuma. Hilo lilituponya kuliko mahubiri yoyote. Lakini hatutawadanganya: vijana kadhaa walioondoka wakati wa ugomvi hawakurudi tena. Mmoja wao tulikuwa tumemwalika sisi wenyewe kujiunga na kwaya. Tunamkumbuka kila tunaposoma swali la Klementi katika sura ya 46, kwa nini tunavirarua viungo vya Kristo na kuufanyia fitina mwili wetu wenyewe. Ugomvi wa viongozi humalizika kwa upatanisho wa viongozi. Aliyelipa gharama ni yule mdogo aliyeondoka bila mtu kumfuata.

Umoja na ulinganifu

Kuna umoja mwingine ambao nchi yetu iliuonja, na ambao hampaswi kuuchanganya na huu. Wakati wa chama kimoja, umoja ulikuwa neno la kila siku. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilivifuta vyama vya vijana vya kidini ili vijana wote wawe chini ya chama cha vijana cha MPR peke yake. Mwaka huo huo Kardinali Malula, aliyepinga jambo hilo lisiingizwe katika seminari, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Watu walisimama mistari, walivaa mavazi yaleyale, waliimba nyimbo zilezile. Ulinganifu ulikuwapo, lakini umoja wa mioyo hauzaliwi kwa amri wala kwa hofu.

Tofauti iko wapi? Barua ya Klementi haikupelekwa na askari. Ilipelekwa na wajumbe watatu, Klaudio Efebo, Valerio Vito na Fortunato, na kuhusu wajumbe hao inasemwa kwamba ni watu waaminifu walioishi bila lawama tangu ujana hadi uzee. Roma haikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu yeyote Korintho. Ilikuwa na neno, mfano na sala. Tena maaskofu wa Kongo walipochagua, mwaka 1961, njia ya jumuiya hai, walichagua umoja unaoanza chini, katika nyumba ambamo watu wanajuana kwa majina na kujua nani hajala.

Neno zito kuliko yote katika barua hiyo, kwa maoni yetu, limo katika sura ya 54. Klementi anauliza ni nani kati yao aliye mwungwana, mwenye huruma, aliyejaa upendo. Mtu huyo, asema, na aseme kwamba ikiwa fitina na mafarakano yametokea kwa ajili yake, yuko tayari kuondoka, kwenda popote watakapo, na kutenda lile ambalo watu wataamuru, mradi tu kundi la Kristo likae kwa amani pamoja na wazee wake. Wafalme wa mataifa, anaongeza, walijitoa kufa ili kuokoa raia zao. Na Wakristo wengi walijiuza utumwani ili kwa bei yao wawalishe wengine. Kati ya watu waliojiuza ili wenzao wale, na sisi tunaogombania kiti cha katibu, kuna umbali mkubwa sana.

Barua inaelekea mwisho kwa sala ndefu. Waroma wanawaombea wagonjwa, wafungwa, wenye njaa, waliopotea njia, hata watawala wa dola ile iliyokuwa imewaua mitume wao. Kisha wanaomba wajumbe warudishwe upesi, wakileta habari ya amani.

Je, amani ilikuja? Karibu na mwaka 170, Dionisi, askofu wa Korintho, alimwandikia Papa Soteri. Eusebio, mwandishi wa historia ya Kanisa, ametuhifadhia maneno yake. Dionisi anasema kwamba katika siku ya Bwana walisoma kanisani barua ya Soteri, na kwamba wataendelea kuisoma kwa mafundisho yao kama wanavyosoma ile ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono wa Klementi. Fikirini jambo hilo. Barua iliyowakaripia babu zao, iliyotaja aibu yao mbele ya ulimwengu, Wakorintho hawakuichoma wala kuificha. Zaidi ya miaka sabini baadaye walikuwa wakiisoma kanisani. Jumuiya inayoweza kusoma kosa lake kwa sauti mbele ya watoto wake, hiyo imekwisha kupona.

Maswali kwa ajili ya kikundi

1. Katika kikundi chetu, utaratibu tulio nao unamlinda nani? Je, kuna aliye mnyonge anayeumizwa nao?

2. Daftari la makusanyo yetu lilisomwa mbele ya wote mara ya mwisho lini? Ikiwa hatukumbuki, nani ataomba lisomwe, na ataomba kwa njia gani?

3. Ni nani aliyeondoka kati yetu kwa sababu ya ugomvi ambao haukuwa wake? Nani kati yetu atakwenda kumtembelea kabla ya mkutano ujao?

4. Ikiwa fitina imetokea kwa ajili yangu mimi, ni kitu gani niko tayari kukiacha ili kundi lipate amani?

Someni pamoja sura za 11 hadi 14 za Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, bila kuruka hata moja, kisha mjibu. Mtakatifu Klementi, ambaye tunamkumbuka tarehe 23 Novemba, atuombee.